Tuta Lililopinda

Cherehani ililia mara tatu, ikanyamaza.

Mwanabibi aliondoka dirishani, akapiga magoti mbele ya ile Singer nyeusi na kuanza kuzungusha gurudumu lake. Hapakuwa na kitambaa. Hapakuwa na uzi. Chini ya kibao, mahali pa kuwekea vifungo na sindano, taa nyekundu iliwaka, ndogo kama jicho la njiwa. Kadiri gurudumu lilivyozunguka, ndivyo redio iliyofichwa ndani ilivyopata nguvu ya kusema.

"Sindano. Sindano. Hapa Mizani."

"Sindano nasikia."

"Uko wapi?"

"Mbuji. Nyumbani kwa mama wa mzigo. Wametuzingira. Wako pande zote za kilima."

Redio ilikoroma kidogo.

"Kikosi kutoka Mbinga kimekwama. Mto umefurika, daraja limechukuliwa. Hakifiki kabla ya kesho."

"Kesho hapatakuwa na mtu wa kufikiwa."

"Basi pokea amri. Mzigo usivuke ziwa. Narudia, usivuke ziwa. Ukishindwa kuubeba, uvunje."

Mkono wa Mwanabibi uliganda. Gurudumu likasimama. Taa ikafa.

Uvunje.

Alichomoa bastola kiunoni chini ya khanga, Tokarev iliyotengenezwa China, akafungua magazini. Alijua atakachokikuta, ila jicho lilitaka ushahidi wake.

Risasi moja.

Na mzigo wenyewe ulikuwa umeketi kigodani karibu na moto, miwani imepasuka kioo kimoja, unakula maharage.

"Kula, mwanangu," Mama Hildegardi alikuwa akimwambia. "Hata mtu wa kufa hufa vizuri akiwa ameshiba."

Mzigo huo uliitwa Daktari Egidi Kapinga. Si daktari wa sindano. Daktari wa fizikia, mtoto wa mlima huu, aliyeanza kusoma kwa mapadri wa hapahapa na kuishia katika maabara moja ya Ulaya, wanakojaribu kuwasha jua dogo ndani ya chumba. Mwaka huu wa sabini na tatu alikataa mshahara wao, akafunga mizigo, akarudi kufundisha vijana wa nchi yake. Kabla ya chuo kufunguliwa alikuja kwa mama yake kulima.

Kuna watu hawakupenda.

Waliingia wilayani na kofia za chuma na vibali vya kughushi, wakijiita watafiti wa makaa ya mawe wa Kampuni ya Delmar. Makaa hawakuyagusa. Kiongozi wao alikuwa Falkner, askari wa kukodiwa, mwenye shingo nene na macho ya rangi ya maji ya chokaa. Boti yao ilikuwa Lituhi ufukweni, injini mbili za Evinrude, ikijifanya inanunua usipa, dagaa wa ziwa. Kazi yao moja: kumvusha Egidi Ziwa Nyasa, akawatengenezee mabwana zao wa ng'ambo, wakoloni waliogoma kuondoka, bomu lisilopata kuonekana.

Mwanabibi alitumwa kumlinda. Mwanamke wa Mikindani, Mwislamu katikati ya Wakatoliki wa mlimani, akipita kijiji hadi kijiji kama Bibi Maendeleo, akifundisha kina mama kushona na kupika uji wa watoto. Hakuna aliyemshuku mtu anayebeba cherehani.

Asubuhi hiyo pale Kitai, karibu na kituo cha basi, watu wa Falkner waliifyatulia risasi Land Rover ya Mwanabibi na Egidi. Mwanabibi alijibu, akaendesha, akajibu tena, akamwangusha mmoja na kumnyang'anya redio ya mkononi. Chini ya kilima hiki tairi la pili lilipasuka. Wakapanda kwa miguu, wakikimbilia mlango pekee uliokuwa wazi.

Mlango wa mama.

Sasa mlango huo ulikuwa mtego.

Redio ya mkononi ilikwaruza mezani.

"Mama ya cherehani! Mimi Falkner. Wewe nasikia?"

Falkner alizaliwa katika shamba la walowezi Naivasha. Kiswahili chake alijifunza kwa kufokea vibarua.

"Huku watu huanza na salamu," Mwanabibi alijibu.

"Salamu baadaye. Mimi hapana taka damu. Mimi nataka mutu moja tu, ile ya miwani. Wewe toa yeye, kwisha, wewe kwenda shona nguo."

"Njoo umchukue."

"Mimi nakuja. Pole pole. Wewe nataka kukimbia wapi?"

Mwanabibi alichungulia nje. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba na mibuni, kofia za chuma zilimeta. Kulia, kofia. Kushoto, kofia. Mbele, chini kabisa barabarani, Falkner mwenyewe kando ya gari lake, bunduki ya FN begani. Wanakijiji hawakuwepo. Falkner alikuwa amepita na kipaza sauti akitangaza kwamba baruti ya kutafutia makaa italipuliwa, kila mtu aende kanisani akakae huko. Milio ya risasi wakaidhani ndiyo baruti.

Redio ilikwaruza tena. Sasa Falkner alikuwa akiwaamrisha watu wake kwa Kiingereza, lugha ambayo Mwanabibi aliielewa vizuri kuliko walivyodhani.

"Songeni. Simameni. Mwangalie jirani yako wa kulia, mwangalie wa kushoto. Mwendo mmoja. Pasiwe na pengo. Namtaka hai."

Pete ikasogea. Ikasimama. Ikasogea.

Egidi aliweka bakuli chini.

"Huyu anajua kazi. Hivyo ndivyo inavyofanywa."

"Nini?"

"Kubana." Alikunja vidole kama aliyeshika kitu kidogo mno. "Kule tulikuwa na kijipira cha kioo, kidogo kama punje ya ufuta. Ndani yake haidrojeni nzito. Tunakipiga kwa miali ya leza kutoka kila upande kwa mpigo mmoja. Ganda la nje linaungua na kulipuka kuelekea nje, na mlipuko huo unalisukuma linalobaki liingie ndani kwa kasi. Katikati panabanwa mpaka pawake kama jua."

"Na huo ndio moto wanaoutaka."

"Hauwaki!" Egidi alicheka kwa uchungu. "Ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote, Bibi. Wao wanadhani nimegundua jinsi ya kuuwasha. Nilichogundua ni kwa nini unazimika. Nilimwambia Falkner pale Kitai, aliponijia kabla ya risasi. Akasema naficha. Mama, naomba chupa yenye mafuta ya taa."

"Ya nini? Unataka kuwachoma?"

"Nataka kumwonyesha Bibi Maendeleo kitu."

"Mafuta yenyewe ni ya kupanga foleni," mama alinung'unika, lakini alileta.

Egidi aliongeza maji kwenye chupa. Maji yalizama, mafuta yakaelea. Akaiziba kwa kiganja, akaipindua ghafla.

Kwa nusu pumzi maji yalikaa juu ya mafuta, yametulia. Kisha mahali pamoja pakabonyea. Kidole cha maji kikashuka. Kingine. Vidole vikarefuka, mafuta yakapanda katikati yake, na mara chupa nzima ikawa mchafuko usiojua kipi ni kipi.

"Kizito kimekaa juu ya chepesi," Egidi alisema. "Kinaweza kusimama, kama mpaka kati yao ni laini kabisa. Lakini hakuna kilicho laini kabisa. Palipo na kasoro ndogo kama unywele, hapo hapo hukua. Ndani ya kijipira ni vilevile, chepesi kinasukuma kizito. Vidole vya ganda la baridi vinapenya katikati penye joto, vinachanganyika nalo, moto unakufa kabla haujazaliwa. Unaweza kubana utakavyo. Kasoro moja inatosha."

"Hebu msikilize," mama alisema. "Anapima ulaini wa punje ya ufuta, na kulaza nyasi za ngolo shambani kumemshinda! Bibi, umeliona tuta lake? Limepinda kama mkia wa mbwa. Toka mvua ianze nalipigapiga udongo lisivuje."

"Mama, si sasa."

"Sasa ndiyo. Kesho nitakuchekea wapi?"

Mwanabibi hakucheka. Alikuwa akiitazama chupa. Kisha akatazama nje.

Shamba la Mama Hildegardi lilianza mlangoni na kushuka mpaka barabarani. Ngolo, ndivyo Wamatengo wanavyoliita: mashimo ya mraba, safu chini ya safu, yamezungukwa na matuta kama sega la nyuki lililotandazwa mlimani. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari. Mwanamke huchimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Mvua ikija, kila shimo hushika maji yake, na mlima hauporomoki. Lakini mvua ya mwezi huu wa Machi ilikuwa imemimina juma zima. Kila shimo lilijaa hadi ukingoni, likimetameta.

Mlima mzima wa maji, umesimama juu ya vichwa vya watu wa Falkner.

"Daktari," Mwanabibi alisema taratibu. "Tuta lako lililopinda liko wapi?"

Egidi alifuata macho yake.

"Hapana."

"Liko wapi?"

"Safu za juu, karibu na jiwe jeupe. Lakini hapana! Ukikata pale maji yatavunja la pili, la pili litavunja la tatu, mpaka chini. Maharage yote. Udongo wote. Bibi, shamba hili ndilo lililonisomesha. Kila kitabu nilichoshika kilitoka katika mashimo haya. Afadhali nijisalimishe."

"Hilo haliwezekani."

Alisema kwa ukali kupita alivyotaka. Egidi alimtazama, kisha akaitazama bastola. Alikuwa mtu wa kufikiri. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Ahaa," akasema kwa sauti ndogo. "Cherehani ilisema hivyo."

Mwanabibi aliishusha bastola, mtutu ukaangalia sakafu. Miezi miwili alikuwa amekula katika nyumba hii, amelala katika nyumba hii, ameitwa mwana katika nyumba hii.

Pete ikasogea. Ikasimama.

Mama Hildegardi alichukua jembe nyuma ya mlango, akampa mwanawe.

"Kata."

"Mama..."

"Mimi nina mikono, Egidi. Shamba hulimwa tena. Wewe nitakuzaa tena lini? Kata, nimesema."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa hapa nikugombeze. Wakisikia nagombeza, watajua bado umo ndani. Nendeni!"

Walitoka kupitia upenyo wa banda la mbuzi, matumbo chini, ndani ya shimo la kwanza. Maji yalikuwa baridi ya kukata mfupa. Mwanabibi alishikilia bastola juu ya kichwa. Nyuma yao sauti ya mama ilipasua mlima.

"Egidi! Hiyo ndiyo adabu ya Ulaya? Kula na mikono bila kunawa? Bibi Maendeleo, mwambie huyu! Ah, mwanamume mzima, miwani kama bundi, hana mke, hana mbuzi!"

Kofia mbili za chuma upande wa kulia zilisimama zikasikiliza. Moja ilicheka.

Shimo la pili. La tatu. Matuta yaliwaficha, ila kila walipovuka moja walionekana kwa kitambo kama panya juu ya boriti. Redio ya mkononi, imezimwa sauti karibu yote, ilinong'ona kifuani mwa Mwanabibi. Songeni. Simameni. Pasiwe na pengo.

"Hapa," Egidi alinong'ona.

Tuta lilikwenda sawa, kisha likakata kona bila sababu, kama mlevi aliyekumbuka jambo. Nyasi alizozilaza yeye zilichungulia pembeni. Maji yalikuwa tayari yakidondoka, tone kwa tone.

Kasoro ndogo kama unywele.

Egidi aliinua jembe. Likabaki hewani.

Kutoka nyumbani sauti ya mama ilibadilika. Haikugombeza tena. Iliimba wimbo wanaouimba wanawake wanapofunika nyasi:

*Lala nyasi, lala chini,*
*Udongo uko njiani,*
*Maji yaje ya mbinguni,*
*Yalale mwetu shimoni.*

Akashusha jembe.

Mara ya kwanza, tope tu. Mara ya pili, mchirizi mwembamba kama kamba. Mchirizi ulikuna udongo, ukapanuka, ukawa mkono, na mkono ukasukuma tuta la chini yake. Tuta likapumua. Likapasuka.

Kidole chekundu cha tope kilishuka mlimani.

Kikagawanyika vikawa viwili. Vitatu. Kila shimo kilipolifikia lilimwaga maji yake, na kila lililomwagika lilimkuta jirani amejaa. Ngurumo ikapanda toka ardhini. Mlima wote wa mbele ulianza kutembea.

"Nini kile?" mmoja wa watu wa Falkner alipiga kelele redioni. "Nini... Tope! Rukeni! Rukeni!"

"Hapana toka kwa mstari!" Falkner alisahau hata Kiingereza chake, akafoka kwa Kiswahili. "Ziba pengo! Ziba!"

Wa kushoto wakakimbilia kuziba. Wakatumbukia katika mashimo ambayo hawakuyajua, yaliyofunikwa na maji sawasawa na vijia. Wa nyuma ya nyumba wakaacha mibuni yao, wakateremka kusaidia, wakateleza, wakawagonga wa mbele. Kila aliyekimbilia kuziba aliacha pengo kwake. Pete iliyotembea kama mtu mmoja ikawa kundi la watu wanaoogelea.

"Sasa!" Mwanabibi alimshika Egidi mkono, wakajitupa nyuma ya tope.

Walikwenda kwa makalio, kwa magoti, kwa uso. Walipofika katikati ya mteremko walikuwa wekundu toka utosini hadi unyayoni. Na kila mtu mlimani alikuwa mwekundu. Hapakuwa na Mzungu wala Mwafrika, hapakuwa na kofia wala khanga. Tope limechanganya vyote.

Mkono mzito ulimdaka Mwanabibi begani.

"Simama, rafiki," sauti ya kiume ilihema kwa Kiingereza. "Uko mzima?"

"Mzima," Mwanabibi alijibu kwa sauti nzito. "Asante."

Yule mtu akamvuta akasimama, akampangusa hata tope la kola. Kisha akampita kwenda kumwokoa mwingine.

Egidi, akiwa bado amepiga magoti, alishindwa kujizuia.

"Mchanganyiko," alinong'ona. "Ndiyo huu."

"Darasa baadaye. Kimbia!"

Barabara ilikuwa mbele yao. Land Rover ya Falkner ilikuwa palepale, injini inanguruma, imezama hadi nusu ya magurudumu. Falkner mwenyewe hakuonekana.

Wakamwona wakiwa wamekaribia mno.

Tope lilimkumba, likamsindika kwenye shimo la mwisho kabisa la ngolo, likamzika hadi kifuani. FN imekwenda. Lakini mkono wa kulia ulikuwa huru, na ndani yake bastola ya Browning ilikuwa safi, iliyoinuliwa juu kwa nidhamu ya askari wa zamani. Macho ya chokaa yaliwatazama mmoja, kisha mwingine. Yakaiona miwani yenye kioo kilichopasuka.

"Professor." Alitabasamu, meno meupe katika uso mwekundu. "Mimi pia iko na amri. Kama yeye hapana kuja kwetu, yeye hapana baki kwenu."

Browning ikalenga kifua cha Egidi.

Amri ileile. Bosi mwingine, amri ileile.

Mwanabibi alifyatua.

Browning iliruka, na kidole kimoja cha Falkner kikaenda nayo. Mlio wa risasi ulizunguka bonde lote.

Na juu yake, kutoka mlangoni kileleni, ukapanda mlio mwingine. Mama Hildegardi alikuwa akipiga yowe.

Wamatengo hawalikatai yowe la tuta. Ngolo ya mmoja ikipasuka, mlima wa wote uko hatarini. Baruti au si baruti, sherehe au msiba, anayelisikia hushika jembe. Milango ya kanisa ilifunguka. Kijiji kizima kikaanza kushuka na kupanda kutoka pande zote, wanaume kwa wanawake, majembe mabegani, wakitafuta palipobomoka.

Walichokikuta ni watu wa kofia za chuma wamekwama kama mbegu katika mashimo ya Mama Hildegardi, bunduki zimejaa tope hadi mtutu.

Pete mpya. Hii haikuwa na pengo.

"Ninyi ndio watafiti wa makaa?" mzee Cuthbert, mwenyekiti wa kijiji, alimuuliza Falkner akiwa ameegemea mpini. "Mbona mmeanza kujichimbia kaburi?"

"Daktari," Falkner alisema akiuma meno, ameshika mkono wake. "Daktari, tafadhali."

"Mimi si daktari wa sindano," Egidi alijibu. "Ila nilikwambia ukweli, ukakataa. Hakuna bomu. Kuna kasoro tu."

Mwanabibi aliokota redio ya Falkner, akaipangusa kwa upindo wa khanga na kubadili masafa. Akaongea Kiingereza kifupi, kizito, cha mtu aliyechoka.

"Boti. Boti. Mzigo umepatikana. Sogeeni ufukweni, zimeni injini."

"Tumepokea. Tunasogea."

Pale Lituhi, nyuma ya vichanja vya kuanikia usipa, mgambo waliotumwa na Mizani walikuwa wamelala mchangani toka asubuhi wakingoja injini hizo zizimwe.

Zikazimwa.

Asubuhi iliyofuata, kikosi cha Mbinga kiliwakuta mateka wamefungwa kwa kamba za katani, wamenyweshwa uji, na wanawatazama wanakijiji wakilima. Majembe yalikwenda kwa mpigo. Egidi alikuwa safu za juu karibu na jiwe jeupe, akilaza nyasi, amenyoosha uzi wa cherehani toka kigingi hadi kigingi.

"Nyoosha!" mama alifoka nyuma yake. "Bado inapinda!"

"Mama, haipindi. Nimepima."

"Basi kipimo chako kimepinda."

Mwanabibi alipita kuaga. Alikuwa amefua khanga, amesuka nywele upya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda bila kula?"

"Nitakula njiani."

Egidi alisimama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Bibi. Ile risasi ilikuwa yangu, sivyo?"

Mwanabibi aliinua cherehani, akajitwika kichwani. Ndani yake kitu kililia mara tatu. Hakuinama kusikiliza.

"Ilikuwa ya serikali," alisema. "Nimeitumia vizuri."

Akaanza kuteremka kuelekea Mpepai, shingo imenyooka, mikono miwili huru. Kina mama wa huko walikuwa wakimsubiri. Leo ilikuwa zamu ya kujifunza kushona vifungo.